Mama Nyaya na Kadi ya Mtandao Iliyokataa Kuonekana

Tik. Skrubu inaanguka kwenye sakafu ya saruji, inabingirika, inanyamaza mahali fulani chini ya kitanda.

Ni saa kumi na moja alfajiri, Alhamisi. Mwanamke anapiga magoti na kupapasa gizani. Hataki kuwasha taa, maana binti yake wa miaka saba bado amelala. Akiipata skrubu, anaitia kwenye kopo la dawa pamoja na nyingine, anabeba mkoba wa bisibisi na kufunga mlango taratibu.

Wanaomjua wanamwita Mama Nyaya. Ana miaka thelathini na mmoja, na ndiye fundi wa kompyuta tisa za shule ya jioni ya watu wazima, zote zikitumia Linux, mfumo usiolipiwa. Ufundi hakuusomea. Alikuwa mfagizi wa zahanati kwa miaka sita. Kompyuta mbovu ilipotupwa pale, akaiomba, akaifungua, ikamnyima usingizi mpaka ikawaka.

"Mwanzoni nilikuwa naipangusa vumbi tu," anasema akicheka. "Vumbi ndilo lililonifundisha kazi."

Zahanati ndiyo iliyompa na mazoea yake. Kila mashine anayoigusa, huandika alichofanya kwenye kipande cha plasta ya kidonda, akakibandika ndani ya kifuniko. Akiirudia, husoma plasta kwanza.

"Nesi hampi mgonjwa dawa kabla ya kusoma cheti chake. Mimi ni nani nisisome?"

Wiki hii hakusoma.

Jumatatu kompyuta ya ofisi iliungua. Mwalimu mkuu akaagiza nyingine itolewe stoo, upesi, kwa sababu wanafunzi ishirini na watatu walikuwa hawajasajiliwa kwa mtihani, na usajili unafungwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Majina hupokelewa kupitia laini ya waya ya shule tu; kwa simu hayapiti, na kompyuta nyingine hazina tundu la waya huo. Atakayekosa atasubiri mwaka mzima. Wa mwisho kwenye orodha hiyo ni Mama Nyaya mwenyewe, ambaye darasa aliliacha akiwa na miaka kumi na minne.

Mashine ya stoo iliwaka vizuri, ila mtandao hakuna. Alichomeka waya, akachomoa, akachomeka tena. Kijitaa kilicho kando ya tundu hakikumeta hata mara moja.

"Fundi, vipi?" mwalimu mkuu akauliza, amesimama nyuma ya kiti.

"Nadhani imekosa programu ya kuiendesha kadi ya mtandao, pale waya unapoingia, Mwalimu."

"Basi itie."

Akaitia. Wapi! Akatia nyingine, na nyingine. Jumanne na Jumatano zikaisha hivyo, akibeba programu kwenye flashi na kufuta mfumo mzima na kuuweka upya. Karani wa shule, mama mwenye ulimi usio na breki, hakumwachia.

"Mwenzangu, hiyo kadi ulikosana nayo lini? Mbona haitaki hata kukutazama?"

Alhamisi asubuhi anaacha kubahatisha. Anaiamuru kompyuta iorodheshe kila kifaa inachokiona ndani yake, kisha anafuata mistari kwa kidole. Kadi ya picha ipo. Ya sauti ipo. Ya mtandao haimo kabisa.

"Hapo jasho likanitoka," anasimulia. "Programu ni mkalimani. Nimeleta wakalimani saba, kumbe mwenye kuzungumza nao hayuko chumbani!"

Basi kosa haliko kwenye programu. Kadi yenyewe imekufa, au imezimwa. Na katika mashine hii imejengwa humohumo kwenye ubao mkuu; ikifa, imekufa. Anafungua kifuniko, roho mkononi, akitafuta alama ya kuungua.

Anakutana na plasta. Mwandiko ni wake: *Kadi ya mtandao nimeizima. Wanafunzi wanatazama mpira. Nikumbuke kuirudisha.*

Anakaa chini, palepale sakafuni.

"Imeungua?" karani anauliza kwa sauti ndogo, utani umemwisha.

"Haijaungua, dada. Niliizima mwenyewe mwaka jana. Nimemfungia mtu mlango, halafu siku tatu nauliza kwa nini haingii."

Anaiwasha upya, anaingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabla mfumo haujaamka, anautafuta mstari wa kadi na kuurudisha. Kijitaa kinameta, kijani. Karani anapiga kigelegele mpaka mwalimu mkuu anatoka ofisini mbio.

Mwalimu mkuu anaisoma plasta mara mbili. "Mimi ndiye niliyekuagiza uizime," anasema.

"Uliniagiza, Mwalimu. Lakini kufungua kifuniko ni kazi yangu. Nilikuona umesimama nyuma yangu, nikataka kuonekana najua."

Mchana kutwa karani anaingiza majina. Mama Nyaya anasema akifaulu ataomba chuo cha ufundi, apate cheti, kisha arudi kuwafundisha kina mama wenzake kufungua kompyuta bila woga. "Nitawafundisha na kosa langu," anasema. "Nalo ni somo."

Saa kumi na nusu jirani anamleta binti wa Mama Nyaya kutoka shule. Mtoto anapanda mapajani kwa mama. Kwenye kioo orodha iliyopokelewa imerudi, na mtoto anaifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza, hadi mstari wa chini kabisa. Anageuka kuwatazama watu wote ofisini.

"Mama yangu yumo."