Jani la isale siku tuliyopiga kura kubomoa kanisa

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, wengine nawapa marahaba yenu kabisa. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi zimepishana mnivumilie. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Naanzia mbali kidogo.

Nikiwa mtoto, mbuzi wetu alikata kamba akaingia kwa jirani, akatafuna miche ya kahawa yote. Jirani mwenyewe tulimwita Radi, sasa jazieni. Akaja na panga.

Mama hakubishana. Alichuma jani la isale pale mpakani, akalifunga fundo, akampa kwa mikono miwili. Radi midomo ikamcheza, lakini akalipokea. Yakaisha, akakaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi. (Yule mbuzi naye alikuwa mwizi, aliwahi kula hadi kofia ya katekista, lakini tuyaache hayo.)

Kwetu Uchaggani, ukishalipokea isale huwezi kukataa unachoombwa. Ndiyo maana mtu asiyetaka kusamehe analikimbia.

Haya, tuje kanisani.

Ilikuwa miaka ya tisini, kahawa haina bei tena, lakini maduka ya pale sokoni Kwa Sadala yamejaa mabati ya rangi. Kanisa letu la mawe huku mlimani likapata ufa, ukuta wa upande wa mto. Kwanza kiliingia kidole. Masika yaliyofuata ukaingia mkono mzima.

Mwanangu wa mwisho alikuwa anakaa upande ule kwenye mafundisho. Mvua ikinyesha siku ya mafundisho, nasimama mlangoni mpaka arudi.

Injinia kutoka mjini akasema hapa hakuna kuziba, libomolewe lote.

Kaka yangu Aloisi hakutaka. Mawe ya ukuta ule mama aliyabeba kichwani kutoka mtoni, yeye na akina mama wenzake, naye Aloisi, bado mtoto, akimfuata nyuma na kajiwe kake. Wakuu, mama yetu hakuacha picha hata moja. Kila baada ya misa Aloisi alipitisha kiganja kwenye ukuta, ndipo aende nyumbani.

Akaniambia, "Wakiugusa, mimi hapa sikanyagi tena." Na Aloisi hakuwa mtu wa kutishia.

Basi nikawa na hofu mbili. Ukuta umwangukie mtoto, au nimpoteze kaka. Hii ikishuka, ile inapanda.

Mkutano ukawekwa siku ya pili ya Krismasi, maana wa Dar wote wamerudi. Mwenyekiti alikuwa Deo, mtoto wa binamu yetu, kijana mwenye adabu zake.

"Wanaotaka libomolewe wanyooshe mikono."

Kanisa likawa shamba la migomba. Na mkono wangu umo. Aloisi aliuona.

Kisha akasimama. Mama mmoja huko nyuma akamchokoza, "Mbe, mzee wetu, kaa chini! Au unataka likuangukie uwe mtakatifu?" Watu wakacheka.

Akanipa kofia yake nimshikie. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani la isale, lina fundo.

Kicheko kikakatika.

Akamwendea Deo. "Mwanangu, ukuta mmoja tu. Uzungukeni, jengeni kubwa mnavyotaka, huo mniachie."

"Baba mkubwa, usinifanyie hivi." Deo akarudisha mikono nyuma. "Ndio huo huo wenye ufa."

Aloisi akageukia mabenchi. Wazee wakatia mikono mifukoni. Akina mama wakaificha ndani ya khanga. Mikono ile ile iliyokuwa juu sasa hivi. Yangu ilikuwa na kofia.

Nisimame hapa niseme nilichojifunza, maana mbele nitashindwa. Mkutano unaweza kuamua vizuri kabisa na bado ukampoteza mtu. Nanyi semeni hapo chini, bila kunionea haya: ungekuwa wewe ndiye Deo, watoto wako chini ya ufa, ungelipokea?

Aloisi aliliweka jani kwenye benchi tupu. Akaja kwangu.

"Lete kofia."

Nikampa. Akaivaa palepale mbele ya altare, mtu ambaye miaka yote aliivua tangu getini. Akapita kando ya ukuta, safari hii hakuugusa. Akatokea mlango wa pembeni, akashika njia ya migombani.

Pale kanisani hakukanyaga tena.