Moshi wa Kinyesi cha Ng'ombe

Ukumbini Buhongwa, kwenye mazungumzo ya wazi kuhusu historia na mila za kwetu, mtoa mada aliwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye karai, tuone bibi zetu walivyopika pasipo na kuni. Watu wakakohoa, wakacheka, wakapiga picha. Moshi ukanifikia mstari wa nyuma.

Bibi yangu alipikia moto huo miaka yote, na macho yake yalikuwa mekundu kabisa. Mtoto wa jirani alipofariki, watu walianza kusema palepale msibani kwamba macho yale ni ya mchawi. Bibi akarudi nyumbani. Alizima moto. Tukawa tunatafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa, tunashushia na maji ya baridi. Kila asubuhi aliniita mlangoni penye mwanga, akajivuta kope kwa kidole chake kigumu.

"Mjukuu wangu, yametakata?"

"Bado, bibi."

Asubuhi moja yalikuwa meupe. Nilirukaruka. Bibi akajifunga kitenge chake cha kanisani, akachukua ndoo, akaenda kisimani ili wote wamwone.

Hakurudi. Jioni jirani alileta ndoo, akaitua mlangoni bila hata kunisalimia.

Mtoa mada akauliza nani anaijua harufu hii. Mikono ikanyooshwa ukumbi mzima. Binti aliyekaa kando yangu akanigeukia, akacheka.

"Mama, pole, macho yako yamekuwa mekundu!"