Kiraka wa besiboli aliyetolewa uwanjani analia, tukadhani amefiwa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii sikuhadithiwa, niliiona kwa macho yangu. Anayetaka kubisha amalize kusoma kwanza.

Katikati ya miaka ya 2010 nilikuwa Louisville, Marekani, nafanya usafi part-time kwenye uwanja wa besiboli. Timu ya pale iko ngazi moja chini ya ligi kuu. Wachezaji wanasubiri kuitwa juu, wengine wanasubiri mpaka wanazeeka.

Kulikuwa na jamaa, tumwite Danny. Kiraka. Leo besi ya pili, kesho ya tatu, akiumia yeyote anaingizwa yeye. Glavu za kila nafasi zimejaa begi zima!

Alishapita timu ya Columbus na kwingine kibao, thelathini imeshampita, na ligi kuu hajaikanyaga hata siku moja. Ila mazoezini ndiye wa kwanza kufika. Mimi ningeshaacha zamani, nisiwadanganye.

Siku hiyo nilikuwa nafuta viti na Mama Neema, Mkongomani wa Uvira, mtu wa kanisa haswa. Katikati ya mechi kocha akamtoa Danny. Hajaumia. Akamnong'oneza kitu, jamaa akajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Wenzake wakamkumbatia mmoja mmoja.

Wakuu, kwetu mtu akitolewa kazini hivyo, ujue kuna msiba.

"Eh Yesu! Huyu mutoto amefiwa," Mama Neema akasema. Akakaza kitambaa kichwani, akashuka hadi korido ya wachezaji, mimi nyuma. Akamshika Danny mikono yote miwili.

"Pole sana mutoto yangu. Bon, lia tu. Mungu iko."

Nikatafsiri. Danny akacheka huku machozi yanamtiririka. "Nobody died," akasema. "I'm going up."

Hakuna msiba, ameitwa ligi kuu! Kumbe anayeitwa hutolewa hapohapo asije akaumia.

Mama Neema alipiga vigelegele mpaka walinzi wakaja.

Huko alikaa muda mfupi tu, akarudishwa. Nilidhani atakuja amenuna. Nikamkuta uwanjani peke yake anajifua, begi la glavu pembeni.

"Donc sasa ndiyo tumupatie pole?" Mama Neema akaniuliza.

Nikamuuliza Danny mwenyewe. Akatikisa kichwa: mwambie mama nilifika.

Msimu uliofuata akahamia timu ya Buffalo. Shemeji yangu anayekaa Cheektowaga, jirani na Buffalo, alienda uwanjani mapema, akamkuta anapasha kabla ya wenzake wote.

Nilichojifunza: usimpe mtu pole kabla hujamuuliza yeye anahesabu nini kuwa hasara. Na wewe mkuu, unasubiri kuitwa wapi? Tiririka hapo chini.