Pombe Niliyoionja Bila Kumeza

Jamani, mwenye kosa ni mimi. Si mama mkwe wangu, kama Inyonga nzima inavyosema mpaka leo. Ni mimi! Naandika bila jina kwa sababu ya aibu, na kwa sababu nyumbani sina tena wa kumwambia.

Nyie wa huku kwetu mnajua. Binti akiposwa, mama yake hutenga chungu cha pombe ya asali, akakiziba kwa udongo, kikae mpaka siku ndugu wa mwanamume watakapokuja kumaliza maneno. Siku hiyo mama wa binti huonja kwanza mbele ya wageni. Anameza wakimwona, ndipo nao wanakunywa bila wasiwasi.

Binti yangu aliposwa na kijana wa Kakese aliyekuwa anafanya kazi mgodini Mpanda. Kijana mpole, anampenda kweli. Mume wangu akaleta asali kutoka porini, nami nikatengeneza vyungu viwili.

Cha kwanza nilikitia asali nzito iliyokomaa. Pombe yake ikatoka kali, inauma ulimi. Cha pili nilikitia asali ya majimaji. Hiyo ikatoka tamu, ina povu, majirani wakaisifu mpaka nikavimba kichwa.

Mama mkwe akaonja zote mbili. Akasema, "Hii tamu tuinywe wiki hii, mwanangu, haina nguvu ya kukaa. Weka hii kali. Leo inauma, ikikaa itatulia."

Mnajua nilifanya nini? Nilinuna! Tangu niolewe pale, kila nikishika mwiko yeye ana la kusema. Nikamjibu, "Mama, hii ni posa ya binti yangu, si yako." Nikaziba ile tamu. Ile kali nikamwambia afanye nayo anavyotaka.

Wageni wakachelewa kwa sababu ya mvua, mito ilijaa. Walipotuma habari kwamba wanafika kesho yake, nikafungua chungu changu. Lo! Harufu ilinipiga puani. Imechacha, siki tupu.

Hapo ningemwita tu mama mkwe, nikamwambia, "Mama, nimekosea, nisaidie." Mdomo ukawa mzito. Nikakoroga asali mbichi, nikaongeza maji ya kisimani yaliyochafuliwa na mvua, bila hata kuyachemsha, ili ule uchachu upungue. Binti yangu akatokea mlangoni, akaniona.

"Nyamaza," nikamwambia. "Ni posa yako hii."

Kesho yake nikapiga magoti mbele ya wageni, nikainua kibuyu, nikalowesha midomo tu. Sikumeza! Baba mkubwa wa kijana akapokea, akanywa, na wenzake wakanywa.

Kabla jua halijazama, wanaume wale walikuwa wanatapika uani kwetu, wameshika matumbo. Baba mkubwa akawa anauliza kwa sauti ya kukatika, "Nani alitunza pombe hii? Nani aliiziba?"

Nikanyamaza.

Mmoja wao akamtazama mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. "Ni huyu bibi, mchawi," akasema. "Hamuoni macho yake?"

Mama mkwe akanigeukia mimi. Alikuwa ananisubiri. Ole wangu, nikatazama chini!

Wale wageni walipona wote, lakini posa ikafa palepale. Watu wakaanza kuukwepa mlango wa yule mama. Mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, akamwambia aende akapumzike kwa kaka yake, kule Kasekese. Akakunja mkeka wake bila kunisema kwa yeyote. Binti yangu akajitwika mzigo wa bibi yake, wakaondoka pamoja. Hakuniaga.

Mama mkwe alifia hukohuko. Nilipokuwa natafuta shuka zake za kupeleka msibani, nikaikuta ile pombe kali chini ya kitanda chake, ameiziba vizuri kwa udongo. Alikuwa amewawekea wageni wetu, kama ningekwama! Nilikuwa nimemkataza kusema, naye hakusema.

Nikaibeba mpaka Kasekese. Nikammiminia binti yangu kabla ya wengine. Nilitaka akinywa tu, nimwangukie miguuni nimweleze yote. Akakipokea kibuyu, akanirudishia.

"Onja kwanza, mama."

Nikanywa, nikameza. Ilikuwa tamu, imetulia kama mwenyewe alivyosema. Binti yangu alikuwa ananitazama koo muda wote. Kisha akakichukua kile kibuyu, akamwaga pombe yote chini, akarudi kukaa na wafiwa.

Sasa nimwambie nani? Mume wangu nikimwambia, atajua alimfukuza mama yake bure, na mama mwenyewe yuko kaburini. Nimeshindwa. Nimechoka hata kulia.

Wanawake wenzangu, pombe ikiwaharibikia, mwageni! Kukosa pombe mbele ya wakwe ni aibu ya siku moja, watu watacheka na kusahau. Na wakiuliza ni nani, semeni ni mimi, wakati yule mnayemsingizia bado amesimama mbele yenu. Msingoje kama nilivyongoja.

Binti yangu bado yuko Kasekese, hajaolewa. Nikienda kumwona ananipa kiti, ananiuliza habari za safari na afya ya baba yake. Lakini chakula nilichopika mimi hakigusi.