Ekzosi Aliyoichagua Mama

Wiki iliyopita nilimsindikiza mwanangu gereji, hapa Kasulu, kubadilisha ekzosi ya pikapu yake. Harufu ya chuma kilichochomelewa ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa utoto wangu.

Baba alikuwa akipeleka maharage Kibondo, na ekzosi ya pikapu yake ilikuwa imetoboka. Fundi alishikiza mpya, akawasha gari. Likakoroma kama paka aliyeshiba.

"Mama Neema, hii ndiyo yenyewe," baba akasema.

Mama alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, ameligeuzia gari mgongo, amefumba macho. Nilidhani moshi unamuumiza.

"Hapana. Jaribuni ile nyingine."

Ile nyingine ilinguruma hadi kuku wakatawanyika.

"Hiyo hiyo," mama akasema. "Nitaisikia ukiwa bado kule mlimani."

Nilicheka sana, nikaamini mama anapenda kelele. Hakuna aliyekuwa ameniambia habari za magari yaliyokuwa yakitekwa porini, njia ya Kibondo.

Fundi wa mwanangu naye alisifia ekzosi isiyosikika.

"Unaonaje, mama?" mwanangu akaniuliza.

"Yoyote tu. Siku hizi kuna simu."

Lakini alipowasha, nikajikuta nimeligeuzia gari mgongo, nimefumba macho.