Fainali Aliyoichezesha Baba

Kila msimu wa tumbaku ulipokwisha, kijiji chetu kilinuka majani makavu. Ilikuwa harufu tamu na nzito iliyoganda kwenye nguo, kwenye mablanketi na hata kwenye maji ya kunywa, kwa sababu mabani ya kukaushia tumbaku yalikuwa hatua chache tu kutoka jikoni kwa kila mtu. Nyumba yetu ilikuwa na harufu yake ya ziada, ile ya gundi ya kuzibia pancha. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Alifanyia kazi kwenye kibanda cha nyasi mbele ya nyumba, karai la maji la kutafutia tundu la tyubu likiwa mbele yake, na hadi leo nikipita mahali ambapo mtu anakwaruza tyubu kwa msasa, hupoteza nilichokuwa nakifikiria. Siwezi kusema kwamba nafurahi au nahuzunika. Nasimama kidogo, kisha naendelea na safari.

Kijiji hicho kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka Usinge, kwa upande wa msituni. Reli iendayo Kigoma ilipita kati yetu na kijiji jirani, ambacho sisi tulikiita Ng'ambo, na wao bila shaka walituita hivyo hivyo. Uwanja wa mpira ulikuwa upande wetu, mahali palipokuwa pagumu hata majani hayakuota. Wazee walisema wapagazi wa misafara ya Ujiji walikuwa wakitua mizigo hapo, na ardhi ilikuwa imeshindiliwa na miguu yao. Sijui kama ni kweli au walitia chumvi. Ninachojua ni kwamba mchezaji aliyeanguka pale aliacha ngozi yake, na kwamba mpira ulidunda juu kuliko viwanja vingine vyote nilivyowahi kuviona.

Mwezi wa Agosti, tumbaku ikiwa imeshauzwa na watu wana chochote mfukoni, zilichezwa mechi za kugombea ng'ombe. Aliyemtoa ng'ombe huyo alikuwa Bwana Jayanti, Mhindi mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale Kanyenye, Tabora mjini. Alitoa pia jezi, zenye jina la duka lake mgongoni kwa herufi kubwa kiasi kwamba namba ya mchezaji ilisukumwa mpaka kiunoni. Watu walisema Bwana Jayanti anapenda mpira. Baba, ambaye alinunua kwake spoku na tyubu, alisema anapenda kuuza baiskeli, na kwamba si vibaya mtu kupenda vitu viwili. Wiki ya fainali uwanja uligeuka gulio. Akina mama walikaanga vitumbua, mafundi cherehani walihamishia mashine zao pale, vijana waliotafuta wachumba walivaa viatu vya kuazima. Watu ambao walikuwa hawasemeshani tangu kilimo walijikuta wamesimama bega kwa bega wakishangilia goli moja, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kukumbuka walichogombea. Mtendaji wa kijiji alisema wiki ile humpunguzia kazi ya mwaka mzima.

Kaka yangu Elia alikuwa beki wa kati wa timu yetu. Tulizaliwa wawili tu, yeye akiwa na miaka kumi na tisa mwaka ninaousimulia, na mimi kumi. Nilimpenda mno. Kila alipocheza nilisimama nyuma ya goli letu, kwa sababu huko ndiko mabeki wanakokaa na ningeweza kumwona kwa karibu. Mwaka huo Bwana Jayanti alikuwa amemwahidi kwamba baada ya fainali angemchukua mjini akachezee timu ya duka lake na kufanya kazi hapo dukani. Mama alishazifua na kuzipiga pasi suruali mbili za kaka na kuzitundika ukutani. Zilikaa pale siku nne, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa ni za nini.

Fainali ikatukutanisha na Ng'ambo. Refa alitakiwa kutoka Kaliua, lakini gari alilopanda liliharibika njiani, na hadi saa tisa alasiri alikuwa hajaonekana. Viongozi wa timu mbili walikaa kikao kifupi katikati ya uwanja. Siku hizi nikisimulia jambo hili watu hucheka, wakiuliza ni vichaa gani wanaweza kumchagua baba wa beki awachezeshee fainali. Lakini ni Ng'ambo wenyewe waliomtaja. Baba alikuwa amechezesha mechi nyingi za mazoezi kwa pande zote mbili, na baiskeli za vijiji vyote viwili zilipita mikononi mwake. Kapteni wao alisema kwa sauti ambayo hata sisi watoto tuliisikia, "Kama ni fundi, sisi hatuna neno." Watu wetu wakapiga makofi. Nafikiri kila upande uliamini umepata refa wake.

Mechi yenyewe siikumbuki vizuri, kwa sababu mimi nilimwangalia kaka, wala si mpira. Nakumbuka vumbi, na jua lililokuwa likitupiga usoni kipindi cha pili. Zikiwa zimebaki dakika chache, hakuna aliyefunga, Ng'ambo wakapata kona. Mpira ulikuja juu, ukampita kipa wetu, na kaka akaruka. Alikuwa mbali nami kama upana wa chumba. Niliona mkono wake wa kushoto ukinyanyuka na kuusukuma mpira pembeni, haraka, jinsi mtu anavyofukuza nzi. Aliunawa. Nilivyoona hivyo ndivyo ninavyokuandikia, bila shaka yoyote. Baba akapuliza kipenga, akaonyesha kidole chini, kwenye penalti.

Kaka alipiga magoti akajishika kifua, akiapa kwamba mpira ulimgonga hapo. Wachezaji wetu walimzunguka baba, na watu wakaanza kuingia uwanjani. Baba hakubishana na mtu. Aliuchukua mpira, akauweka mahali pake, akarudi nyuma akasubiri mpaka kelele zikaisha. Ng'ambo walifunga. Dakika chache baadaye mechi ikaisha, na yule ng'ombe akavushwa reli akisindikizwa na watu waliokuwa wakiimba mpaka sauti zao zikapotelea kwao. Upande wetu akina mama walikuwa wameshaazima masufuria makubwa kwa ajili ya sherehe. Yalirudishwa kwa wenyewe jioni hiyo yakiwa masafi.

Tulikula mapema, ugali na nsansa, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, na hakuna aliyeisifia ingawa mama aliiunga kwa karanga nyingi. Kaka alikuwa ameegemea ukuta chini ya zile suruali zake. Baba alinawa mikono, akakaa bila kumega tonge. Halafu akanigeukia mimi.

"Neema," aliniita. "Ulikuwa nyuma ya goli. Uliona nini?"

Sikuwahi kuulizwa na baba yangu swali la watu wazima. Nilimtazama kaka, naye akanitazama. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aliniangalia tu, na nikaona kwamba anaogopa, nami sikujua kwamba kaka yangu anaweza kuogopa. Nilifikiri nikisema kweli hatakwenda mjini. Nilifikiri pia atanichukia. Sikumfikiria baba hata kidogo, kwa sababu baba alikuwa mtu mzima na nilidhani watu wazima hawahitaji kitu.

"Sikuona, baba," nilisema. "Kulikuwa na vumbi."

"Haya," alisema. "Kula."

Bwana Jayanti alimchukua kaka wiki iliyofuata kama alivyoahidi. Kwa hiyo hata uongo wangu haukuwa na kazi, kwani mwenyewe hakujali nani aliunawa na nani hakuunawa. Alitaka beki mrefu. Kaka alimuaga mama, akanibeba juu, akampa baba mkono. Kijijini maneno yakaanza kidogo kidogo. Kwanza walisema fundi ana kiburi, anataka aonekane mwadilifu kuliko watu wote. Baadaye wakasema amehongwa na Ng'ambo. Mwishoni wakauliza ni baba gani anayeweza kumsingizia mwanawe mwenyewe mbele za watu, na mtoto mwenyewe ameapa. Hakuna aliyemtukana baba usoni. Asubuhi walimpa salamu yake ya "mwangaluka" kama kawaida, wakapita. Ila walipita wakikokota baiskeli zenye pancha, wakizipeleka Usinge, mwendo wote ule, mbele ya kibanda chetu. Kanisani benchi letu lilianza kuwa na nafasi. Wateja waliobaki walikuwa watu wa Ng'ambo, na kila mmoja wao aliyeonekana pale kibandani alikuwa ushahidi mwingine dhidi yake.

Ningeweza kulimaliza jambo lile siku yoyote. Nilikuwa mtoto, lakini mtoto wa miaka kumi akisimama na kusema ameona, watu husikiliza, hasa akiwa dada wa mshitakiwa. Kila siku niliazimia kumwambia baba kesho yake. Nilikuwa nikimpelekea uji kibandani, namkuta ameshika tama, mikono yake haina grisi, karai la maji limetulia bila kazi. Naweka kikombe, naondoka. Baada ya miezi michache kitu fulani ndani yangu kikafa ganzi. Sikulia, sikuota ndoto mbaya, wala sikuugua. Niliacha tu kwenda uwanjani. Mwaka uliofuata mechi hazikuchezwa kwetu, Bwana Jayanti alipeleka ng'ombe wake vijiji vingine ambako hakukuwa na ugomvi, na mafundi cherehani wakamfuata. Watu wakaongeza na hilo kwenye makosa ya baba. Hakushika tena kipenga.

Sasa nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao yeye siku ile. Naishi Tabora, na kwa mzaha ambao sikuupanga, nina duka la jezi Kanyenye. Biashara ni nzuri. Timu kubwa ikishinda Jumamosi, Jumatatu nakosa saizi. Ikifungwa, nakaa napanga mzigo. Naona mabinti wakinunua jezi za kuvaa harusini, wachungaji wakinunulia kwaya, wagombea wakinunua seti nzima na mipira miwili ya kugawa vijijini. Vijana wanapita na mikeka yao ya kubeti wakiijadili kama watu wa shamba wanavyojadili mvua. Mpira umekuwa mkubwa kuliko tulivyoweza kuota pale kwenye uwanja wa wapagazi, umevisha na kulisha watu, na mimi ni mmojawapo. Nauuza bila kuupenda wala kuuchukia. Kaka Elia ni dereva wa lori huko Shinyanga. Hupiga simu sikukuu zote, huuliza afya ya mzee, hutuma chochote. Jambo la fainali hatujawahi kulitaja.

Mama alifariki, na baba sasa anakaa kwangu kwa sababu ya miguu yake. Mchana huketi dukani kwenye kiti cha plastiki, wateja wanamwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba kwa kila mmoja bila kuchoka. Nina televisheni ndogo ukutani. Jumapili moja mwaka huu ilikuwa ikionyesha mechi ya Ulaya, na refa akasimamisha mchezo kwa sababu mpira uligusa mkono wa beki, au haukugusa. Akakimbia pembeni kwenye ile skrini.

"Anakwenda wapi?" baba aliuliza.

"Kuangalia tena, baba. Wanamrudishia picha."

"Na wenzake wanamsubiri?"

"Wanamsubiri."

Alitazama mpaka refa aliporudi na kuonyesha penalti. Wachezaji walilalamika kidogo kisha wakanyamaza, kwani dunia nzima ilikuwa imeona. Baba alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kuwa na uchungu. Nadhani alikuwa akishangaa tu kwamba kitu kama hicho kinawezekana. Mimi nilikuwa nakunja jezi za watoto, na nikajisikia nikisema, bila kuwa nimeazimia, kwa sauti ile ile ninayowatajia watu bei.

"Baba, Elia aliunawa. Mimi niliona."

Hakugeuka. Macho yake yalibaki kwenye televisheni, ambako mpigaji alikuwa akipanga mpira wake.

"Najua aliunawa, mwanangu," alisema. "Nilikuwa karibu naye kuliko wewe."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

Penalti ikapigwa, watu wa duka la jirani wakapiga kelele. Nilidhani amesahau swali, maana siku hizi husahau.

"Nilitaka tu tuwe wawili," alisema baba.