Ebitinge Vyangu Vinalia Katikati ya Muziki

(Jina la mwenye kisa hiki tunalijua sisi tu, na halitatoka hapa. Msomeni hadi mwisho ndipo mmjibu.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mjane, mzaliwa wa Manga, nimeolewa upande wa Keroka. Nina mkono mmoja tu, wa kushoto, na kazi yangu ni kupiga piano. Najua mmeanza kucheka. Chekeni mmalize kisha mnisikilize, maana mimi nimelia hadi machozi yamekauka.

Mkono wa kulia ulikatwa na mkanda wa mashine ya kusaga unga nikiwa msichana mdogo. Nililazwa misheni muda mrefu, na Sista mmoja Mzungu akanichukua kama mwanawe. Ukumbini kwao kulikuwa na piano. Akaagiza kutoka Ulaya nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya watu waliopoteza mkono vitani, nyimbo za mkono wa kushoto peke yake. Alinifundisha miaka mingi, na wala hakuwa mpole. Siri ya nyimbo hizo iko mguuni. Unapiga sauti nene upande wa chini, unabonyeza kanyagio ili sauti hiyo iendelee kuimba, halafu mkono unakimbilia juu kuutafuta wimbo. Mguu ukitetereka, kila kitu kinakatika. Kwa hiyo mguu wangu ndio mkono wangu wa pili.

Nimepiga Kisii mjini, nimepiga kwenye klabu za Wazungu wa chai kule Kericho, na mara moja Nairobi. Wengi walikuja kutazama mkono usiokuwepo. Niliwaacha watazame. Nikishaanza kupiga, walisahau kutazama.

Aliyenifikisha kote huko ni mume wangu, dereva wa lori. Tulifunga ndoa kanisani, lakini mama yake akasema, "Padri amewaandika, sawa. Mimi bado sijaona mke hapa." Alitaka nivae ebitinge, zile pete za chuma ambazo mke wa Kigusii huvishwa miguuni kuonyesha ameolewa kwelikweli, na ambazo hazivuliwi ovyo. Nilimpenda sana mama yule. Watu wote waliniuliza nitasagaje wimbi kwa mkono mmoja, yeye hakuuliza. Alisaga mwenyewe, akaniletea unga. Basi nikavaa.

Siku ya kwanza nilipokaa tena kwenye piano ndipo tulipojua tumefanya nini. Kila nikibonyeza kanyagio, chuma kinalia. Mimi nikaanza kulia, mume wangu akacheka. Akachana shati lake kuukuu, akapiga magoti, akavizungushia ebitinge vitambaa na kuvikaza. Tangu siku hiyo, kabla sijaingia ukumbi wowote, alipiga magoti mbele yangu, dereva mzima na mikono yake ya grisi. Wenzake wangemwona wangemsema mpaka leo. Alikuwa akiniambia, "Wewe angalia mkono. Miguu niachie mimi."

Wakati wa mvua za mwaka jana lori lake liliteleza kwenye kona, likapinduka. Hatukuwa tumepata mtoto. Mpaka leo sijui ni nani aliyenishika nikafika kaburini.

Matanga yalipokwisha, niliitwa Kericho. Nikamwomba mama mkwe anifunge vitambaa. Akatikisa kichwa. "Alivifunga mwenyewe kwa sababu ni vyake. Sasa ni vya marehemu. Nani atavifunga mdomo?" Wanawake wengine pale nyumbani hata kuvigusa hawakuthubutu. Mimi kwa mkono mmoja sifungi fundo likakaza, na meno hayafiki miguuni. Kule klabu mpishi ndiye aliyenifunga, kwa haya, huku ametazama pembeni. Nilipofika mahali pa taratibu kabisa katika wimbo, kitambaa kikateleza, chuma kikalia. Mtu mmoja akacheka, kisha ukumbi mzima. Nilipiga hadi mwisho. Wakanipigia makofi ya huruma, na heri wangenizomea.

Sasa nimeitwa Nairobi nikapige peke yangu jioni nzima, kisha nibaki huko kufundisha. Nafasi kama hii hairudi. Sista ananiambia, "Vikate. Mungu hakukuumba na chuma miguuni." Fundi mmoja wa Nyaramba amekubali kuvikata. Lakini kwetu, mjane akivua ebitinge amesema ndoa imekwisha, na boma la mumewe si lake tena.

Nilimweleza mama mkwe. Nilidhani atafoka, hakufoka. Alisema, "Mwanangu hakuniachia mjukuu. Ameniachia mlio huo. Asubuhi nikiusikia ukitoka mlangoni kwako, najua nyumba yake bado ina mtu. Ukitaka kwenda, nenda. Lakini usivikatie hapa nikisikia."

Safari ni wiki ijayo. Leo asubuhi nilitoka nikitembea kwa ncha za vidole ili visilie, nijaribu tu kuona itakuwaje. Nikamkuta jikoni ameinamisha kichwa, chungu cha uji kiko mbele yake, kikombe changu bado kitupu. Akasema bila kunitazama, "Leo sikusikia kitu." Nikapiga mguu chini makusudi, vikalia. Ndipo akanimiminia uji.

Nikivikata, nitakuwa nimemzika mume wangu mara ya pili, tena mbele ya mama yake. Nikibaki navyo, nitakuwa nimeuzika mkono aliokuwa akiupigia magoti. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, hasa kina mama mliowahi kuvaa ebitinge, nifanyeje? Msiniambie nisali, nimeshasali. Niambieni tu: nivikate, au nibaki navyo?